Nafasi ya Mlangoni

Galbet, Garissa
Alhamisi, 12 Septemba 2024

Kwa Eddo Muslimo,

Asalaam aleykum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba barua hii ikukute na afya njema, shangazi yangu, wewe na mbuzi wako na majirani wote wa Buna. Sisi huku tuko salama. Mume wangu Salah bado anaendesha lori la maji Dadaab, anarudi kila Ijumaa ya pili akiwa mwekundu kwa vumbi hata kope. Mimi naendelea na cherehani. Nguo za shule zimeisha, sasa ni madera ya harusi. Joto limeanza mapema, mchana hata kuku hawatoki kivulini.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu najibu kabla hujamaliza, wewe unakasirika, unakata. Kwenye karatasi lazima nikusikilize. Barua atakuletea Abdow, yule dereva wa lori la mzigo la Wajir. Amesema Buna anafika mara moja au mbili kwa mwezi, akipata mzigo.

Nina jambo. Mwezi wa sita nilikwenda Nairobi kumwona daktari wa mambo ya akili, mama mmoja mpole. Aliniuliza maswali saa mbili nzima, mengine ya utotoni. Amesema nina kitu kinaitwa ADHD. Si wazimu, Eddo, wala si jini. Ni namna kichwa kilivyoumbwa. Kila sauti inaingia kwa nguvu ileile, mwili hautaki kutulia, na neno linatoka mdomoni kabla sijaliruhusu. Nimezaliwa nacho. Nilipotoka pale nililia kwenye ngazi, na sikuwa na huzuni.

Sasa, hapa Galbet nina darsa la wanawake kila Alhamisi baada ya alasiri, nyumbani kwa Ustadha Ramlo. Tuko kumi na wawili. Wamenifaa kuliko unavyojua. Mwanzoni mwa mwezi wa saba Mzee Hirsi, mume wa Shamis wa darsa letu, alifariki, tukaenda kumsomea khitma. Kila mmoja alipewa juzuu yake. Mimi nilitoka uani mara tatu. Niliruka kurasa mbili bila kujua. Halafu Shamis alipokuwa akieleza saa za mwisho za mumewe, wote kimya, nikamkata neno nikauliza nani amefungua maji nje, mbona yanamwagika. Eddo, yalikuwa yanamwagika kweli. Lakini mjane alikuwa anaongea.

Tangu siku hiyo Shamis hanitazami. Nilimwendea Ustadha Ramlo nikamweleza aliyosema daktari, nikamwomba mambo madogo. Nikae karibu na mlango ili nikisimama nisimpite mtu. Niwe na kitu cha kusuka mikononi wakati wa kusikiliza. Niambiwe siku moja kabla ni aya zipi nitasoma. Na nikimkata mtu neno, aliye karibu aniguse mkono. Basi, sikuomba zaidi.

Ramlo alisema, "Mimi sina kinyongo, lakini wenzako wanasema umeleta cheti cha daktari kufunika dharau. Aliyekulea aseme. Mwalimu Muslimo wa Buna anajulikana mpaka huku. Akiandika kwamba ulikuwa hivi tangu mtoto, nani atabisha?"

Wewe ndiye uliyenilea tangu mama alipofariki, nikiwa na miaka sita. Wewe ndiye uliyekuwa mwalimu wangu. Naomba mistari miwili tu.

Mwanao,
Iftin

*

Buna
3 Oktoba 2024

Kwa mwanangu Iftin,

Waaleykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Barua yako ilinifikia baada ya siku kumi na tano, imekunjwa mara nne na ina harufu ya dizeli. Alhamdulillahi, mimi ni mzima. Mbuzi wamebaki kumi na mmoja. Mawingu yanakuja jioni, yanatutazama, yanaondoka. Maji ya kisima yalikatika siku sita jenereta ilipoharibika, tukanunua maji ya punda. Sake, binti wa jirani yangu, yule aliyeolewa huko Galbet, mpe salamu za mama yake ukimwona.

Mwandiko wako umeharibika. Sentensi zako hazina nukta mpaka mtu aishiwe pumzi. Nilikufundisha vizuri zaidi ya hivyo.

Kuhusu jambo lako. Nimefundisha watoto miaka thelathini na miwili. Nimeona wenye kifafa, wasioona ubao, wasiosikia. Ugonjwa wa kutokaa chini sijauona. Nimeona watoto ambao hawakukatazwa mapema. Daktari aliyekuona saa mbili hawezi kukujua kuliko mimi niliyekaa nawe miaka kumi na mbili.

Darasani kwangu ulikaa, Iftin. Kuanzia darasa la nne mpaka la saba ulikaa, na mtihani ulipita. Kwa hiyo kukaa unaweza.

Mwendee Shamis na sukari na majani ya chai, umwombe radhi kama mtu mzima. Mumewe amekufa, wewe unamzungumzia maji. Halafu rudi kwenye darsa, kaa mahali wanapokaa wenzako. Ukianza kuomba mlango, kesho utaomba dirisha. Mistari miwili unayoitaka siwezi kuiandika, maana itakuwa nimesema uongo kwa kalamu.

Msalimie Salah. Mwambie afunge vizuri mifuniko ya hayo matangi.

Akupendaye,
Eddo Muslimo

*

Galbet
14 Oktoba 2024

Eddo,

Asalaam aleykum. Tuko wazima. Salamu za Sake nimefikisha, naye anamsalimu mama yake. Yumo kwenye darsa letu, anakaa pembeni yangu.

Kwa Shamis nilikwenda kabla hata ya kupata barua yako. Nilipeleka sukari, majani na kanga mbili. Alinipokea mlangoni. Alisema, "Mungu akusamehe," akachukua mfuko, akafunga mlango. Nilisikia komeo.

Umeandika kwamba darasani kwako nilikaa. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi. Eddo, unajua nilikaaje. Wewe na mimi tunajua. Sitaliandika mimi. Ni lako, liandike wewe.

Nilikuambia wamenifaa kuliko unavyojua. Sasa ujue. Mwezi wa nne nilikuwa na mimba ya miezi minne na ikatoka. Salah alikuwa Dadaab, barabara imekatwa na mafuriko, hakuweza kufika siku tisa. Wanawake wa darsa ndio waliokuja. Ramlo alinikanda. Shamis, huyu huyu Shamis, alifua shuka zangu kwa mikono yake na hakusema neno. Walilala kwangu kwa zamu. Sikukuambia kwa sababu nilijua utaniuliza nilikimbilia nini, nilibeba nini, nilipanda nini.

Sina dada. Mama mkwe yuko Mandera. Nikikosa Alhamisi ile, kutoka Ijumaa mpaka Ijumaa nyingine naongea na cherehani. Kwa sasa sijafukuzwa, ila nikifika mazungumzo yanapoa, na zamu ya kusoma inaniruka kama sipo. Wiki iliyopita nilijilazimisha kukaa kama ulivyosema. Nilikaa saa nzima nikajibana vidole mpaka kucha ikatoa damu. Ukiniuliza darsa lilihusu nini sijui. Nilikuwa nahesabu mbao za dari.

Sikuombi uongo. Nakuomba uandike ulichokiona.

Iftin

*

Buna
29 Novemba 2024

Iftin mwanangu,

Waaleykum salaam. Barua yako ilichelewa. Abdow alikwama Wajir wiki mbili akisubiri kipuri, akaja na kikohozi. Mvua imetupita. Mbuzi ni wanane.

Nimesikitika sana kwa habari ya mimba. Mungu akupe badala iliyo bora. Nilipoisoma niliketi nje mpaka chai ikapoa. Ungeniambia. Ningekuja hata juu ya mzigo wa lori.

Hilo jingine unalolidokeza silikumbuki. Mambo ya darasani ni mengi na miaka imepita. Kila mwalimu wa wakati ule alikuwa na njia yake, na wazazi walitushukuru.

Nimekutumia samli kwenye chupa, imefungwa na mfuko. Iweke mahali pasipo jua.

Eddo

*

Galbet
5 Disemba 2024

Eddo Muslimo,

Asalaam aleykum. Samli imefika, asante. Salah ameisifu.

Umesema hukumbuki. Basi nitakukumbusha, na nitaweka nukta mahali pake.

Ilikuwa shash yako ya kijani, kile kitambaa cha kichwa ulichoacha kuvaa baada ya kuungua na pasi. Ulinifunga kifundo cha mguu wa kushoto kwenye mguu wa dawati. Kila asubuhi baada ya kuita majina ulikuja, ukainama kama unaokota chaki, ukafunga. Saa ya mapumziko ulifungua. Miaka minne. Wenzangu waliniita Ndama. Nyumbani hukulitaja hata siku moja, na mimi sikulitaja. Tulikula sahani moja.

Darasa la sita, nyuki waliingia kutoka kwenye paa. Unakumbuka nyuki? Watoto wote walikimbia. Wewe ulikimbia nao. Mimi nilivuta dawati mpaka katikati ya darasa, likaangukia goti langu. Nilikuita. Nilikuita Mwalimu kwanza, halafu nikakuita Eddo. Ulirudi. Ulinilalia juu, ukanifunika na baibui lako, ukafungua fundo kwa meno. Uso wako ulivimba siku tano, jicho moja lilifumba kabisa. Hilo sijalisahau na sitalisahau. Ulirudi.

Lakini Jumatatu iliyofuata, jicho lako likiwa bado halijafunguka vizuri, uliinama tena ukafunga.

Sikuandika haya ili uniombe radhi. Kila nikikaa kwenye mkeka wa Ramlo, mguu wa kushoto unakuwa mzito mpaka nisimame. Siwezi kuwaeleza wale wanawake hilo kwa cheti cha Nairobi. Na mtu pekee wanayemwamini amesema mimi ni mtoto ambaye hakukatazwa.

Ramlo ametoa siku ya mwisho. Alhamisi ya tarehe 16 Januari wataandika orodha ya Ramadhani, nani atasoma juzuu ipi, nani atapokea wenzake nyumbani siku gani. Shamis amesema wazi mbele ya wote kwamba jina langu likiingia, lake litoke. Ramlo anataka neno lako kabla ya siku hiyo.

Usipoandika sitakulaumu kwa watu. Lakini hii itakuwa barua yangu ya mwisho kuhusu jambo hili, na sijui tutaandikiana nini kingine.

Iftin

*

Buna
4 Januari 2025

Mwanangu Iftin,

Waaleykum salaam warahmatullahi. Nimeandika barua hii mara tatu. Mbili nimezichoma jikoni. Hii nitaituma hata ikiwa mbaya.

Nakumbuka. Nilikumbuka tangu barua yako ya kwanza.

Nitakueleza jinsi nilivyojitetea moyoni miaka yote hii. Mwalimu mkuu wa wakati ule alinitaka nikuondoe shuleni. Alisema unavuruga darasa, urudi kwa baba yako ukachunge. Mimi nilikuwa mwalimu mwanamke peke yangu pale. Nilisema nipe muhula mmoja, atakaa. Nikafunga. Ukakaa. Akanyamaza. Nikajiambia nimekuokoa na jangwa, nimekupa kalamu. Na kweli kalamu unayo, kwa maana umeniandikia barua ambayo imenikosesha chakula.

Lakini ya Jumatatu ile sina utetezi. Nyuki walikuwa wamenionyesha. Nilipoinama mara ya pili nilijua ninachofanya. Nilifunga kwa sababu niliogopa wale wanaume wa ofisini watasema Mwalimu Muslimo ameshindwa na mtoto wa kaka yake. Nilijiogopea mimi. Ulinitazama kwa juu na hukulia, ulinyoosha mguu mwenyewe ili nisipate tabu. Hilo ndilo ninaloliona nikifumba macho, mguu ulioletwa.

Ulikuwa hivi tangu siku nilipokuchukua. Ulikula umesimama. Uliamka na kutembea chumbani ukizungumza. Ungetumwa chumvi ukarudi na mtoto wa paka. Ungemkata shehe neno. Na ulikuwa unajua kila mbuzi kwa sauti yake, na ukisikia hadithi mara moja ukitembea uliirudia yote, lakini ukikalishwa hukuwa unajua hata kichwa chake. Nilikuwa mwalimu, na nililiona hilo, na sikulitumia.

Ndani ya bahasha hii kuna nyingine ya Ustadha Ramlo. Sikuifunga. Isome kwanza. Nimeandika yote, na shash, na nyuki, na Jumatatu. Nimemwambia anaweza kuisoma mbele ya wote. Kama hutaki wajue kwamba ulifungwa, ichane, nitaandika nyingine fupi.

Nauliza neno moja na usilijibu haraka. Umenisamehe?

Abdow ameahidi kuondoka kesho.

Eddo wako,
Muslimo

*

Galbet
Alhamisi, 6 Februari 2025

Kwa Eddo Muslimo,

Asalaam aleykum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi wazima. Salah amepewa lori lingine, hili lina kiyoyozi kinachofanya kazi upande wa abiria tu. Mimi nimepokea kazi ya madera ishirini ya harusi moja, na nguo ya bibi harusi nimeikata vibaya mkono mmoja, nimeificha, nitairekebisha kesho. Nimeanza kuruka. Narudi.

Abdow hakuondoka siku ile. Barua yako ilifika Jumanne ya tarehe 21. Orodha ilikuwa tarehe 16.

Kwa hiyo tarehe 16 nilikwenda mikono mitupu. Ramlo aliniuliza kwa macho, nikatikisa kichwa. Akafungua daftari. Alipofika jina langu akainua kalamu. Shamis akasema, "Tuliambiwa neno litakuja kutoka Buna. Liko wapi?"

Nikasimama. Sikupanga, miguu ilisimama yenyewe. Nilikwenda mpaka mlangoni, nikashika fremu, nikasema. Niliwaambia siwezi kuwaonyesha karatasi. Nikasema nikikaa katikati yenu sisikii, nikisimama hapa nasikia. Nikamgeukia Shamis nikamwambia, "Siku ile ulisema Mzee Hirsi aliomba maziwa ya ngamia akanywa vijiko vitatu, akasema yana moshi mzuri wa kibuyu, akauliza kama mbuzi mwenye pembe moja amezaa. Ulisema ulimjibu amezaa mapacha, na haikuwa kweli, ulitaka afurahi. Hapo ndipo nilipokukata. Nilisikia kila neno. Na maji nayo niliyasikia. Siwezi kuchagua."

Shamis alivuta mtandio wake usoni. Ramlo akafunga daftari, akasema orodha itasubiri wiki moja. Nilirudi nyumbani bila kujua nimejenga au nimebomoa, na wiki hiyo nilivunja sindano nne.

Barua yako niliisoma Jumanne nikiwa natembea kutoka jikoni mpaka kitandani, kitandani mpaka jikoni. Ile ya Ramlo nilikaribia kuichana. Sikutaka waniite Ndama na huku. Nilimpa Alhamisi ikiwa nzima.

Aliisoma kwa sauti. Mimi nilikuwa mlangoni. Alipofika pa Jumatatu alirudi akaanza tena mstari. Shamis aliuliza, "Miaka minne?" Ramlo akasema, "Ndivyo alivyoandika." Shamis akauliza tena, "Na ameandika mwenyewe, kwa mkono wake?" Ramlo akampa karatasi. Aliitazama muda mrefu. Halafu akainuka, akasogeza mkeka wake kutoka pale karibu na mlango anapokaa siku zote, akaniambia, "Kaa hapo. Na nitakaa pembeni yako. Ukinikata neno tena nitakugusa, na sitagusa polepole."

Kwamba amenisamehe hajasema. Wiki iliyopita alinigusa mara mbili, na kweli si polepole.

Mmoja ameondoka. Ni mama mmoja wa mtaa wa juu, amesema darsa limekuwa hospitali. Tumebaki kumi na mmoja.

Na jambo hili usimwambie mama yake Sake. Ramlo alipogawa juzuu, Sake alisema yeye asipewe. Tulidhani anaumwa. Akasema hajui kusoma, hajawahi kujua, miaka yote mitatu anafuata kidole cha aliye pembeni na midomo anaichezesha. Pembeni yake nilikuwa mimi, Eddo, ninayeruka kurasa. Alisema kama mimi nimeweza kuomba mlango, yeye anaomba herufi. Nitamfundisha mimi kila Jumapili. Tutatembea uani tukisoma.

Jina langu limo kwenye orodha. Juzuu ya thelathini, ile yenye sura fupifupi. Ramlo ananitumia aya zangu kwa simu kila Jumatano. Jana alisahau, nikamkumbusha, tukacheka.

Umeniuliza neno moja na ukaniambia nisilijibu haraka. Kwa maisha yangu yote sijawahi kuchelewesha jibu, hili nimelichelewesha wiki mbili. Nilipoandika ndiyo haikuwa kweli, nilipoandika hapana haikuwa kweli. Kwa hiyo sina la kuandika hapo bado.

Njoo kabla ya Ramadhani. Abdow amesema kiti cha mbele ni chako, na nitamsumbua kwa simu mpaka aondoke. Wewe utaongea na mimi nitasikiliza, tena mambo yote, hata ya mwalimu mkuu. Ila nikisimama katikati ya maneno yako, Eddo, usidhani naondoka.

Iftin wako